Kwa nini upandikizaji wa figo ulisimama wakati wa korona? Jibu kwa mwalimu wa Kasulu

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Nalifupisha. Baba yake mdogo alikuwa akisafishwa damu baada ya figo zote mbili kushindwa kazi. Mwanzoni mwa 2020 familia ilikuwa imekamilisha kila kitu ili akapandikizwe figo India, na mchangiaji alikuwa mtoto wake wa kiume. Machi safari ikafutwa, na Agosti mzee akafariki akiwa bado anasubiri. Sasa mdogo wake mwalimu, kijana wa miaka 29, naye anasafishwa damu Mwanza, na dada yao mkubwa amejitolea kumpa figo. Mwalimu anauliza: nani aliamua upandikizaji usimame wakati figo ni jambo la kufa na kupona? Nchi nyingine nazo zilisimamisha, au ni sisi wanyonge tu? Na likija gonjwa lingine, wao walio mwisho wa reli wafanye nini? Kuna na swali dogo la mwisho: dada aanze vipimo sasa, au asubiri kwanza avune?

Mwalimu, pole sana kwa msiba wa baba mdogo, na pole kwa kuuguza. Nitakujibu kwa urefu, na pale nisipokubaliana na uamuzi uliofanyika nitasema wazi.

Hamkuwa peke yenu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Ndani ya wiki chache Ufaransa, nchi yenye utaratibu imara sana wa kugawa viungo, ilishuhudia upandikizaji wa viungo vya marehemu ukiporomoka kwa asilimia 90. Marekani uliporomoka kwa nusu. Uingereza karibu vituo vyote vya kupandikiza figo vilifunga milango kwa muda. Hispania, ambayo kwa miaka mingi imeongoza dunia kwa watu kuchangia viungo baada ya kufa, ilikuwa na wachangiaji karibu 50 kwa kila watu milioni moja mwaka 2019. Mwaka 2020 wakawa chini ya 40. India, huko huko mzee alikokuwa anaelekea, ilipandikiza viungo zaidi ya 12,600 mwaka 2019, na mwaka uliofuata vikawa 7,400 na kidogo. Ukikusanya dunia nzima, figo zilizopandikizwa zilishuka kutoka kama 100,000 hadi kama 81,000.

Watafiti waliokusanya takwimu za nchi 22 walikuta kuwa mwaka 2020 wagonjwa 11,253 walikosa kupandikizwa viungo, ukilinganisha na mwaka wa kabla yake. Walikadiria kuwa pengo hilo liliondoka na zaidi ya miaka 48,000 ya uhai wa watu. Upandikizaji wa figo ndio ulioumia kuliko wote, ukishuka kwa asilimia 19. Wa moyo ulishuka kwa asilimia 5 tu.

Kwa nini figo iumie hivyo na moyo usiumie? Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka kabisa, au ini lake limekufa, mara nyingi hana kitu cha kumshikilia kwa muda mrefu. Wa figo ana mashine ya kusafisha damu. Kwa hiyo kila hospitali ilipolazimika kuchagua nani aahirishwe, wa figo aliwekwa wa kwanza, kwa maelezo kuwa anaweza kusubiri. Kwenye karatasi maelezo hayo yanaonekana ya busara. Wewe uliyemsindikiza mdogo wako unajua kusubiri kwenyewe kulivyo: anapimwa uzito, anachomwa sindano mbili nene kwenye mshipa wa mkononi, anakaa kitini saa nne damu ikitoka na kurudi, anapimwa tena uzito, anatoka na kizunguzungu kutafuta bodaboda. Keshokutwa tena. Mwaka 2020 dunia nzima iliambiwa ikae nyumbani. Huyu peke yake alilazimika kutoka mara tatu kwa wiki, kupanda gari la abiria, na kukaa chumba kimoja na wagonjwa wengine wasiojua nani kaambukizwa. Nawaheshimu sana wauguzi wa vitengo vile. Hawakuwa na namna ya kufunga hata siku moja.

Sasa nije kwenye kiini cha uamuzi wenyewe, kwa sababu usipokielewa hiki utabaki na uchungu kwa watu wasiostahili.

Mwili haupokei figo ya mtu mwingine kwa hiari. Kinga inaiona ni kitu kigeni na kuishambulia. Ili figo ipone, tunaishusha kinga ya mgonjwa kwa makusudi, na tunaishusha zaidi siku zile zile za upasuaji. Kuna dawa za mwanzo zinazofyeka chembe nyeupe za damu zinazopigana na virusi, na chembe hizo huchukua miezi kurudi. Baada ya hapo mgonjwa anameza dawa kila siku maisha yake yote, kwa kawaida tatu: takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni. Kwa hiyo miezi mitatu hadi sita ya mwanzo ndiyo ambayo maambukizi yoyote yanaweza kumwangusha.

Jiweke mahali pa daktari wa upandikizaji mwezi Aprili 2020. Hakuna chanjo. Hakuna dawa iliyothibitishwa. Kipimo cha virusi majibu yake yanachukua siku kadhaa, na wakati mwingine yanadanganya. Ndipo ikatoka taarifa ya hospitali moja ya Bronx, New York: wagonjwa 36 waliowahi kupandikizwa figo walipata korona, na zaidi ya robo yao walifariki ndani ya wiki tatu. Wengi wao walikuwa wamepandikizwa zamani, kinga yao ilishatulia. Je, yule wa jana? Na upande wa pili wa ukuta yupo mchangiaji, kijana mzima asiyeumwa chochote, ambaye unamwita mwenyewe aje alale katika jengo lililojaa korona ili umtoe kiungo. Ukimwambukiza na akafa, umeua mtu ambaye hakuwa mgonjwa. Hapo madaktari wengi wa dunia walisita, na mimi siwalaumu kwa kusita.

Kulikuwa na mengine yanayoonekana madogo lakini yalifunga mlango kabisa. Nchi zinazotegemea viungo vya marehemu huvipata kwa watu waliofariki ubongo wakiwa kwenye mashine za kupumulia, na vitanda vile vilijaa wagonjwa wa korona. Figo iliyotolewa kwa marehemu hukaa kwenye barafu siku moja, au siku moja na nusu, isizidi sana hapo, na nyingi zilikuwa zikisafirishwa kwa ndege za abiria ambazo sasa zilikuwa zimelala viwanjani. Zaidi ya hayo, korona yenyewe ilishambulia figo. Katika hospitali za New York zilizochunguza wagonjwa zaidi ya 5,400 waliolazwa, zaidi ya theluthi moja figo zao zilipata jeraha la ghafla, na baadhi wakahitaji kusafishwa damu. Mashine na maji yake yakaanza kupungua. Daktari wa figo na muuguzi wa figo wakaitwa wodini, na kazi ya upandikizaji ikabaki bila watu.

Kwa hiyo nani aliamua? Hakuna mtu mmoja. Kila nchi, kila chama cha wataalamu, kila hospitali iliamua katika siku chache zile. Miongozo mingi ilifanana: upandikizaji wa mchangiaji aliye hai uahirishwe, wa marehemu ufanyike pale tu ambapo mgonjwa atakufa bila huo.

Ona sasa mwongozo huo ulivyotuangukia sisi. Tanzania tunategemea ndugu aliye hai. Upandikizaji wa kwanza nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, wataalamu wetu wakishirikiana na wa kutoka India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza, ikishirikiana na Wajapani. Korona ilipoingia, huduma yetu ya ndani ilikuwa bado changa, na wagonjwa wengine walikuwa bado wanaelekea India kama baba mdogo wako. Katika njia hiyo kila kitu kinasafiri: anasafiri mgonjwa, mchangiaji, wakati mwingine mtaalamu, na dawa. India ilisimamisha ndege za kimataifa za abiria tarehe 22 Machi 2020. Sisi tulisimamisha zetu katikati ya Aprili, tukafungua tarehe 18 Mei. Lakini ratiba za kawaida za ndege za kimataifa India hazikurudi mpaka tarehe 27 Machi 2022; katikati hapo kulikuwa na safari za mpango maalumu tu. Mzee alifungiwa na kufuli ambazo hakuna hata moja iliyokuwa mikononi mwa familia.

Nilisema nitatoa maoni yangu, nayo ni haya. Kusimamisha mwezi Machi, Aprili na Mei 2020 kulikuwa sahihi. Kuendelea kusimamisha baada ya hapo, kwa wale waliokaa kimya miezi na miezi, kulikuwa kosa. Kufikia katikati ya mwaka takwimu zilishaanza kuonyesha upande wa pili. Ulaya, wataalamu walipofuatilia wagonjwa wa figo waliopata korona, ndani ya siku 28 walifariki asilimia 25 ya waliokuwa wakisafishwa damu, na asilimia 21 ya waliopandikizwa. Makundi hayo mawili hayalingani kwa umri na magonjwa mengine, kwa hiyo usichukue tarakimu hizo kama mashindano. Zinachosema ni kwamba kumwacha mgonjwa kwenye mashine hakukuwa kumweka salama. Alikuwa hatarini kokote.

Waliolielewa hilo mapema walitenganisha majengo na njia, wakampima kila anayeingia, wakamtaka mchangiaji na mgonjwa wajitenge nyumbani kabla ya upasuaji, wakaanza tena. Marekani ilimaliza mwaka 2020 ikiwa imeshuka kwa takriban asilimia 2 tu kwa viungo vyote, pamoja na mshtuko ule wa Machi. Lakini hata kwao, figo kutoka kwa wachangiaji walio hai zilitoka kama 6,900 mwaka 2019 hadi kama 5,200 mwaka 2020. Mchangiaji aliye hai ndiye anayeahirishwa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho, na nchi isiyo na njia nyingine, kama yetu, inabeba mzigo huo wote. Ndiyo maana naamini kuwa kuimarisha vituo vyetu vya ndani ni jambo la uhai. Mgonjwa wa Kigoma anayekwenda Dodoma anahitaji basi au treni. Anayekwenda nje anahitaji serikali mbili zikubaliane kufungua anga.

Kuhusu mzee mwenyewe, sitakuambia kuwa angepona kama angeondoka wiki moja kabla. Angefika, angefanyiwa upasuaji, kisha angekuwa ugenini, kinga ikiwa chini kabisa, katika mwaka ule. Hakuna daktari mkweli anayeweza kukuambia upande upi ungekuwa mwema kwake. Ila hili naweza kukuambia bila kusita: mtoto wake aliyekuwa tayari kutoa figo hakuchelewa, na ninyi hamkukosea popote. Mwambie hivyo, maana najua vijana wanaobaki na jambo kama hili moyoni.

Sasa mdogo wako.

Ndani ya miaka michache iliyopita eneo letu limepitia mengi. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na majirani zenu Burundi walikuwa miongoni mwa walioathirika sana. Machi 2025 Tanzania nayo ikathibitisha wagonjwa wake wa kwanza. Januari 2025 Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, ilithibitishwa Biharamulo, mkoani Kagera, ambako mabasi mengi ya Kasulu kwenda Mwanza hayapiti mbali nako. Na kipindupindu hamhitaji kusimuliwa. Mlipuko wa Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, wa Mei 2015 watu wa Kigoma wanaukumbuka. Kwa hiyo swali lako la gonjwa lingine lina msingi kabisa.

Jambo kubwa ninalotaka familia ifanye ni kumaliza maandalizi yote wakati huu ambapo njia ziko wazi. Nilichokiona katika kipindi cha korona ni kwamba dirisha lilipofunguka, hata kwa miezi miwili tu, waliopita ni wale ambao faili lao lilikuwa limekamilika. Waliokuwa bado wanatafuta kipimo kimoja walikuta dirisha limefungwa tena.

Maandalizi yenyewe ni mengi lakini hayatishi. Dada anapimwa kundi la damu, shinikizo, sukari, protini kwenye mkojo, kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi), homa ya ini B na C, VVU na kifua kikuu. Akivuka hapo ndipo anapimwa vinasaba vya tishu, anapigwa picha ya mishipa ya figo, na damu yake inachanganywa maabara na ya mgonjwa kuona kama mwili wa mgonjwa utaishambulia. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa kwa tishu, lakini hata wasipofanana kabisa upandikizaji unawezekana. Vipimo vya mwanzo vinafanyika huko huko mkoani. Vya tishu na picha vinahitaji hospitali kubwa. Kile cha kuchanganya damu hurudiwa karibu na siku ya upasuaji, hata kama kilishafanyika, kwa hiyo msishangae wala msidhani mnazungushwa.

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Mgonjwa wa figo hupungukiwa damu, na njia rahisi inayokuja kichwani ni kumwongezea chupa ya damu. Kila chupa ya damu ya mtu mwingine inaweza kuufundisha mwili wake kuichukia tishu ya watu wengine, na siku ya kipimo cha mwisho dada anayefaa leo anaweza akawa hafai tena. Kama hali ni ya hatari, aongezwe, uhai kwanza. Kama si ya hatari, muulize daktari kuhusu sindano za kuongeza damu, zile za erithropoetini, na madini ya chuma. Muulize kabla chupa haijatundikwa.

Chanjo apewe sasa, kabla ya kupandikizwa. Korona ilitufundisha hili kwa gharama kubwa. Waliopandikizwa viungo walipochanjwa dozi mbili za chanjo mpya za korona kule Marekani, ni kama nusu tu yao, asilimia 54, waliotengeneza kinga inayopimika. Utafiti wa Toulouse, Ufaransa, ulionyesha dozi ya tatu ikiwapandisha kutoka asilimia 40 hadi 68. Watu wenye kinga ya kawaida karibu wote walikuwa wameitikia. Mwili ulioshushwa kinga unaitikia chanjo kwa shida, basi mchanjeni mapema: homa ya ini B hasa, kwa kuwa anatumia mashine ya kusafisha damu, na korona kama bado. Zipo pia chanjo zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, kama ya homa ya manjano na surua. Hizo akishapandikizwa hapewi tena. Na ninyi mnaoishi naye mkichanjwa, mnamkinga yeye.

Akishapandikizwa, adui mkubwa wa nyakati za janga ni kukatika kwa dawa. Wakati wa korona walikuwepo watu waliopoteza figo nzuri kwa sababu njia zilifungwa na vidonge vikaisha. Takrolimasi inamezwa kila baada ya saa 12, kwa saa zile zile, na kiwango chake kinachofaa kwenye damu kina nafasi finyu: kikishuka figo inakataliwa, kikipanda dawa yenyewe inaiumiza figo. Ninyi mlio mbali wekeni akiba ya miezi miwili nyumbani, mahali pakavu pasipopigwa na jua, na mkinunua, angalieni tarehe. Akizoea takrolimasi ya kiwanda fulani, msimbadilishie kwa sababu duka limekosa, bila daktari kujua na kipimo kurudiwa.

Balungi asile. Tunda hilo linazuia mwili kuivunja takrolimasi, na dawa inapanda hadi kiwango cha sumu. Kwa sababu hiyo hiyo, akipata korona na akaandikiwa dawa yenye ritonavir ndani yake, ni lazima anayemwandikia ajue kuwa ana figo ya kupandikizwa. Dozi zile chache zinaweza kuipandisha takrolimasi mara nyingi. Kuhusu mitishamba ya kunywa, najua mwaka 2020 karibu kila nyumba ilikuwa na sufuria jikoni, na sitaki kuwakebehi watu waliokuwa wanajiokoa kwa walichokuwa nacho. Lakini kwa mtu mwenye figo moja ya kupewa, kinywaji ambacho hujui kilichomo kinaweza kuvuruga dawa zake au kuiua figo moja kwa moja. Hapo sina nafasi ya kulegeza. Pia asinywe diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, parasetamoli inatosha.

Akiharisha, msimfanyie kama mtu mwingine yeyote. Kuharisha kunakausha maji ya mwili na figo inaumia haraka. Na kuna jambo la ajabu kidogo: utumbo ukiharibika, takrolimasi huwa inaingia kwenye damu kwa wingi zaidi, badala ya kidogo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa anameza vidonge vile vile na akadhurika navyo. Aanze maji ya chumvi na sukari ya kuharisha mara moja, na afike hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri aone kesho itakuwaje. Kipindupindu kikitangazwa mwambao wa ziwa, maji yake ya kunywa yachemshwe bila kukosa.

Akipata homa, kosa linalojirudia ni familia kusimamisha dawa zote kwa hofu, wakidhani wanairudisha kinga. Prednisoloni ikikatwa ghafla mtu anaweza kuzimia na hata kufa, kwa sababu mwili wake umeshaacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Sisi huwa tunaanza kwa kupunguza au kusimamisha maikofenoleti, tunaiangalia takrolimasi, na prednisoloni tunaiacha, pengine tunaiongeza. Uamuzi huo unafanywa na daktari, hata kwa simu. Moja ya mambo mema korona iliyotuachia ni kuzoea kliniki ya simu. Kreatinini anaweza kupima Kigoma mjini, akatuma majibu, na daktari wake akasoma bila yeye kusafiri siku mbili. Ombeni namba ya kliniki kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, na muiandike mahali ambapo kila mtu nyumbani anaiona.

Umeniambia pia kuwa majirani wanamtisha dada yako kwamba atakufa, au hatazaa tena. Upasuaji wowote una hatari, na huu hatari yake ya kifo kwa mchangiaji ni kama watu 3 katika 10,000. Baada yake anaishi na figo moja, akipima shinikizo na mkojo kila mwaka. Kuzaa anaweza. Tunamshauri asubiri kama mwaka mmoja, na akishika mimba ahudhurie kliniki mapema, kwa kuwa uwezekano wa kifafa cha mimba unaongezeka kidogo. Asilime wala kubeba ndoo kichwani kwa wiki sita hivi. Na apewe nafasi ya kuonana na daktari peke yake, bila wewe, bila mama, bila mgonjwa. Akisema hataki, daktari atawaambia tu kuwa hafai, na familia msimhoji. Kujitolea ni kwake mwenyewe mpaka dakika ya mwisho.

Juu ya vipimo na mavuno: aanze sasa. Kundi la damu, shinikizo, sukari na mkojo anaweza kupimwa wiki hii hapo Kasulu, akarudi shambani kesho yake. Kama kundi la damu halilingani na la mdogo wake, ni bora mjue mapema ili ndugu mwingine aitwe. Likilingana, ombeni barua ya rufaa kwa daktari anayemtibu Mwanza, na mwulizeni bima yenu inagharamia hatua zipi na zipi hapana, maandishi yakiwepo. Safari ya hospitali kubwa kwa ajili ya picha na vipimo vya tishu ipangwe baada ya maharage kuingia ndani. Siku ya kusafiri aende na majibu yake yote kwenye bahasha moja, nakala nyingine ibaki kwako.